Mambo Kwanza, Kisha Salamu

Simu yake ikilia, hakusema "alo". Alisema, "Nasikia. Sema mambo, kisha salamu."

Kwetu Likasi hilo ni karibu na tusi. Mtu akikupigia, unamuuliza amelalaje, watoto wameamkaje, mvua imenyesha huko, mama mkwe anaendeleaje na mguu wake. Mwishoni kabisa, salio likikaribia kwisha, ndipo mnafika kwenye sababu ya simu. Yeye aligeuza mpango huo. Alitaka sababu iingie kwanza, peke yake. Baada ya hapo alikuwa tayari kusalimiana nawe mpaka jua litue.

Watu wa avenyu yetu, yaani njia yetu, hapa mtaa wa Panda, walimwita Mama wa Simu, kwa sababu kwa miaka mingi aliketi mbele ya ubao wa simu wa kampuni, akiunganisha waitao na waitwao kwa nyaya zenye ncha za shaba. Alizaliwa wapi, ukoo wake ni upi, sikuwahi kumuuliza. Mimi nilimkuta tayari ni yeye: mgongo umenyooka, kitambaa cha kichwa kimefungwa upande mmoja ili sikio la kushoto libaki wazi. Sikio la kushoto lilikuwa la kazi. La kulia, alisema, ni la kanisa.

Cherehani yangu iko barazani, na baraza letu linatazamana na dirisha lake. Ukiondoa wadogo zangu, hakuna mtu niliyemtazama kwa muda mrefu kama yeye. Akipika, mkono wake ulichomeka mwiko upande mmoja wa sufuria, ukauchomoa, ukauchomeka upande wa pili, haraka, bila yeye kuangalia.

"Mama, unaunganisha nani na nani?" nilimuuliza siku moja.

"Bukari na sombe," akasema, yaani ugali na kisamvu. "Banapigiana simu tangu asubuhi."

Kila simu aliyopokea nyumbani aliiandika kwenye daftari: saa, mwitaji, maneno. Kalamu ilifungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza. Ukimwambia, "Nilikupigia juzi juzi," alifungua ukurasa. "Haikuwa juzi juzi. Siku ya tatu, saa ine na robo. Ulisema mutoto yako analia meno. Meno iko namna gani sasa?"

Mambo yake mengine hayakulingana. Alitaka kila mtu aseme kwa ufupi, lakini yeye akianza kusimulia jinsi nyaya zilivyochanganyikana siku ya mvua kubwa, mhandisi mmoja akajikuta anamnong'oneza mapenzi mkuu wa bohari, mboga iliungua jikoni. Siri za nyumba zote alizisikia kwenye nyaya na hakutoa hata moja, ila mambo yake mwenyewe, tumbo lake, ndoto zake, alimweleza hata muuza karanga. Alitunza picha za watu wote, na yeye hakukubali kupigwa picha. "Miye niko sauti," alisema. "Sauti habaipigake picha."

Picha hizo alizitunza kwenye kisanduku cheusi, kikubwa kama matofali mawili yaliyosimamishwa, ambacho mwanawe aliyeko mbali alimtumia. Ndani mna diski mbili. Kinachoandikwa kwenye ya kwanza kinaandikwa pia kwenye ya pili, ili moja ikifa nyingine ibaki na yote. Kiliunganishwa kwa waya na modemu, na chini yake palikuwa na betri nzito, kwani umeme wetu unakuja na kuondoka upendavyo. Alipokwisha kukielewa, alitangaza kanisani: mwenye kaseti, mwenye picha ya harusi au ya matanga, alete. Avenyu ikaleta. Watu walitoa chini ya vitanda vitu vilivyokuwa vimeanza kushikana kwa unyevu, naye akavihamishia humo kimoja kimoja, miezi na miezi.

Sisi tulileta kaseti moja. Ni mazoezi ya kwaya, dakika nne, na anayeongoza ni mama yetu. Katikati mtu anakohoa, wimbo unavunjika, Mama anacheka na kusema, "Turudilie, mukohozi amemaliza." Kisha wanaanza upya.

Feza, mdogo wetu wa mwisho, alikuwa na miezi minane Mama alipokufa. Baba alitangulia, Feza akiwa bado tumboni. Mimi nilikuwa darasa la tano la msingi. Nilitoka shuleni nikawalea Feza na Mwamba, kaka yetu wa katikati, na sikurudi tena. Kwa hiyo Feza anamjua Mama kwa dakika nne hizo tu. Kila Jumapili baada ya ibada alivuka njia, akakaa sakafuni kwa Mama wa Simu, akasikiliza. Aliwahi kuziweka kwenye simu yake, ikaibwa sokoni. Tukasema, si ziko kwa Mama wa Simu? Tukaendelea na maisha.

Mimi nilichopenda ni kujua kile kisanduku kinafanyaje. Niliacha cherehani bila sababu nikaenda kuuliza. Kwa nini kinapata joto? Kwa nini taa hii inapepesa na ile haipepesi? Hakunifundisha kama mwalimu. Macho yake yalikuwa yamefifia, basi aliniweka mbele ya kompyuta na kuuliza swali moja tu: "Inasema nini?" Mimi nilisoma Kifaransa neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Nikikwama, alinyamaza. Nikipita, aliuliza tena, "Halafu inasema nini?" Hivyo ndivyo nilivyomaliza shule yangu.

Siku moja aliniita dirishani. "Kuya. Leo tunaifundisha kulalamika."

"Nani, Mama?"

"Kisanduku. Kintu ya kulinda bantu, kama hailalamike, ile njo mubaya."

Alikuwa amesikia kwamba kisanduku kinaweza kujiandikia barua pepe chenyewe: diski ikianza kuugua, joto likizidi, nafasi ikijaa. Mlio wake alikuwa ameuzima tangu siku ya kwanza. Hakutaka mashine ilie ndani ya nyumba, alitaka iandike. Nilifungua ukurasa wa taarifa, nikasoma. Anayetuma. Anayepokea. Seva ya kutuma.

"Seva ni nini?" nikauliza.

"Ile njo ubao wa simu," akasema bila kusita. "Kisanduku hakijue njia ya kufika kwa muntu. Kinampa yeye, yeye anaunganisha. Endelea."

"Mlango, kisha namba."

"Ni laini. Kila kazi iko na laini yake. Andika namba."

Niliandika. Nikaweka neno la siri, likakataliwa. Nikaliweka tena, likakataliwa. Tulimpigia Mwamba, ambaye anafanya kazi ya ofisi Lubumbashi. Akaeleza kwamba wenye barua pepe hawataki mashine itumie neno la siri la mtu. Inabidi kuomba jingine, refu, la mashine peke yake. Mama wa Simu alifurahi mno. "Bamefanya muzuri! Mutumishi iko na ufunguo yake, mwenye nyumba iko na yake."

Tukaliomba, likakubaliwa. Tukabonyeza kitufe cha kutuma ujumbe wa majaribio. Mwamba akasema hajaona kitu. Tukabonyeza tena. Kimya.

"Angalia mu takataka," Mama wa Simu akamwambia.

"Mama, mu takataka hakuna—" Akakatika. "Iko! Ziko mbili!"

"Message ya muntu habajue, banaitupaka kwanza kule. Hata ku kampuni ilikuwa vile. Itoe, uiambie hiyo posta yako kama huyu ni muntu wa nyumbani."

Kabla ya hapo, tulipofika kwenye nafasi ya anayepokea, alikuwa amenigeukia. "Weye uko na barua pepe?"

Nilicheka. "Hapana, Mama. Nani ataniandikia?"

Akasema, "Basi weka ya Mwamba." Huko Lubumbashi umeme wa ofisi haukatiki ovyo, na Mwamba hulala na simu mkononi. Akampa masharti palepale: "Mwamba, sikia. Ikikuandikia, unaniita saa ile ile. Unasoma maneno vile iko. Hapana kuongeza sukari."

"Ndiyo, Mama."

Kila Jumatatu asubuhi alituma jaribio, kama alivyojaribu laini zote za kampuni kabla ya zamu, na Mwamba alitakiwa kujibu neno moja: Nasikia. Juma moja alijibu Nasikia akaongeza salamu za nusu ukurasa. Alifokewa mpaka akazima simu.

Hapa lazima nieleze habari mbaya inavyosafiri kwetu. Haiendi moja kwa moja kwa mwenyewe. Mtu akifa, ndugu wa mbali anaambiwa kwanza, naye anampigia jirani, jirani anakuja kukaa kwako bila sababu. Wewe unaambiwa, "Mama eko mugonjwa kidogo, jitayarishe uende kumuona." Kidogo hilo ndilo la kuogopa, ila mwenye kuambiwa hajui, au anakataa kujua. Unafika unakuta viti vimepangwa uani. Watu hufanya hivyo kwa huruma, na atakayekutobolea habari yote kwenye simu ataitwa mtu asiye na moyo. Mama wa Simu peke yake alikataa desturi hiyo, akaikataa kwa ukali nisioweza kuuelewa.

Masika yaliyopita aliugua. Malaria kwanza, kisha moyo. Dada yake alimchukua akamuuguze Mulungwishi, na mimi nikabaki na ufunguo. Nilifagia, nikafungua madirisha. Niliona taa moja ya kisanduku imekuwa ya rangi ya chungwa. Niliyekuwa nauliza kila kitu, siku hiyo sikuuliza. Nilidhani kimelala, kwa kuwa mwenyewe hayupo.

Wiki mbili baadaye nilimpigia Mwamba kumsalimia tu. Tulipomaliza watoto, mvua na mguu, akauliza kama nimeketi, akiniita Yaya kama wadogo wote kwetu wanavyomwita mkubwa wao.

"Yaya, uko umeikala?"

"Nani amekufwa?"

"Hapana muntu. Ikala kwanza."

"Mwamba! Sema!"

"Ni ile kisanduku. Iko... iko na homa kidogo."

Kisanduku kilikuwa kimemwandikia mara saba. Diski ya kwanza imekufa, ujumbe ulisema. Badilisha diski. Baadaye kikaandika kwamba na ya pili imeanza kuonyesha dalili. Mama wa Simu, kitandani Mulungwishi, alimpigia kila Jumatatu kuuliza kama kisanduku kimeandika. Naye alimjibu, "Kinakusalimia sana, Mama. Kimechoka kidogo tu."

"Kimechoka kidogo?" nikapiga kelele. "Mashine?"

"Yaya, eko na ugonjwa ya moyo! Muntu mugonjwa unamuambia namna gani? Nilikuwa natafuta weye njo umutayarishe, na weye nilikuwa natafuta namna ya kukutayarisha."

Sikumtukana. Ni mimi niliyemlea, na adabu hiyo aliipata kwangu.

Nilivuka njia nikikimbia. Mwamba alibaki kwenye simu. Kabla ya kubadilisha chochote, alisema, toa nakala, kwa sababu diski mpya ikiingia, ile mgonjwa italazimika kusomwa yote kutoka mwanzo hadi mwisho, na huenda isivumilie. Nilifungua kompyuta. Nilichomeka diski ndogo ya nje ambayo Mama wa Simu aliiacha mezani. Majalada yalijipanga mbele yangu, jina la kila nyumba ya avenyu, harusi zao, wafu wao. Na sikujua kama diski ina saa moja au mwezi.

Nitasema nilivyofanya. Sikufuata mpangilio. Nilitafuta jina letu, nikamtoa Mama kwanza.

Mstari wa kijani ulienda, ukasimama. Feza alikuwa amenifuata, amesimama nyuma yangu, vidole vyake vimenishika bega. Hakujua kinachoendelea ila alijua ni jalada gani. Mstari ulikaa pale muda ambao ningeweza kushona pindo la sketi. Kisanduku kilikwaruza ndani, mara moja, mara mbili. Kisha mstari ukaruka hadi mwisho. Niliufungua wimbo kutoka kwenye nakala. Kikohozi kilikuwepo. Kicheko kilikuwepo. Feza akakaa sakafuni palepale na kufunika uso.

Baada ya hapo nilichukua nyumba moja moja, kwa mpangilio, siku mbili, nikila mbele ya kompyuta. Nyumba tatu hazikutoka zote. Picha zao zilifunguka nusu, chini zikawa kijivu: bwana harusi mpaka kiunoni, keki bila meza. Mwamba alikuja na basi akiwa na diski mbili mpya, akaziweka, akaniachia na simu yake ya zamani kama mtu anayelipa faini, akarudi kazini.

Mama wa Simu alirudi Panda siku ya Jumamosi asubuhi. Alikuwa amepungua, kitambaa cha kichwa kimelegea kikafunika masikio yote mawili. Tulimkalisha kwenye kiti chake. Feza alinivuta jikoni.

"Yaya, hapana kumuambia leo. Angalia vile eko. Umuambie kidogo kidogo."

Niliona ana haki. Nilipika uji, nikampelekea, nikaketi. Nilianza, "Mama, mumefika salama? Njia ilikuwa namna gani? Dada yako—"

Alisukuma kitambaa juu mpaka sikio la kushoto likawa wazi. "Nasikia," akasema. "Sema mambo."

Basi nikayasema. Diski ya kwanza ilikufa siku kumi na nne kabla ya sisi huku kujua. Ya pili ilikuwa inaugua. Mwamba alijua akaficha, kwa huruma. Mimi niliona taa ya chungwa sikuisoma. Nilimtoa mama yangu kabla ya watu wengine wote. Nyumba tatu zimepoteza picha, na nikazitaja kwa majina.

Hakushika moyo wake. Aliuangalia uji.

"Weye unakumbuka siku ya baba yako?" akauliza.

Nilikumbuka. Baba alikuwa kwenye machimbo ya mawe ya Kakontwe. Nilitumwa na Mama dukani, nikipita mbele ya ofisi ya simu ya kampuni, na Mama wa Simu akatoka nje akaniita.

"Nilikuambia nini?"

"Uliniambia, 'Baba yako eko mugonjwa kidogo. Ambia mama ajitayarishe polepole.'"

"Ile haikuwa maneno." Sauti yake ilikuwa imara, ileile ya kusoma daftari. "Wa Kakontwe aliniita saa tatu na dakika kumi. Alisema, 'Jiwe imemuangukia. Angali muzima. Anaita bibi yake. Akuye mbio.' Vile tu. Nikatoka inje, nikaona ni weye, mutoto mudogo na chupa ya mafuta mu mukono. Nikatia sukari."

Nilikuwa naliona jiko letu la siku ile. Mama, tumbo limemtangulia, aliposikia "mgonjwa kidogo" alifanya ambalo mke yeyote angefanya. Alikoroga uji wa kumpelekea mgonjwa. Alisubiri uive. Aliuziba vizuri kwa kitambaa usipoe njiani. Tulipofika Kakontwe, viti vilikuwa vimepangwa.

"Uji ilikuwa ingali moto," nilimwambia. "Tulipofika. Mama aliishika tu."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea neno alilolingoja miaka na ambalo halikuandikwa kwenye daftari. Nje mtu alipita na baiskeli ya makaa, cheni inalia. Feza alikuwa mlangoni. Sijui alisikia kuanzia wapi.

Nilifikiri kuinuka nikaenda. Nilikuwa na nguo za watu za kumaliza. Lakini nikagundua kwamba ninachotaka si kuondoka. Nilitaka kujua kama aliandika. Nikauliza.

"Siku ile sikuandika kitu," akasema. "Tangu siku ile, ninaandika yote." Kisha akanyoosha mkono kuelekea kompyuta. "Hiyo simu ya Mwamba iko na weye? Fungua barua pepe yako. Leo. Hapana kuniambia nani atakuandikia."

Ilituchukua sehemu kubwa ya asubuhi. Jina langu lilikuwa tayari na mwenyewe mwingine huko duniani, tukalifunga na jina la baba. Neno la siri nililichagua mwenyewe, naye aligeuza uso ukutani nilipokuwa nikiliandika. Kisha nikafungua ukurasa wa taarifa wa kisanduku, kwenye nafasi ya anayepokea. Mwamba alikuwa pale. Nilimsogeza chini, nikajiweka juu yake. Nikabonyeza kitufe cha majaribio.

Simu haikulia. Sikumngoja aniambie, nilienda kwenye takataka. Ilikuwa humo, nikaitoa.

"Inasema nini?" akauliza.

Nikasoma neno kwa neno, vile ilivyo. "Huu ni ujumbe wa majaribio. Ukiusoma, taarifa zako zinakufikia."

"Halafu inasema nini?"

"Basi. Hakuna kingine."

Alifunga macho. Uji ulikuwa umepoa mbele yake. Akauvuta, akanywa kijiko kimoja, cha pili.

"Sasa," akasema, "salamu."

Nikaweka simu mezani.

"Jambo, Mama," nikamwambia.

"Jambo sana, mutoto wangu."